Mkutubi Asimame Upande Gani?

Maadili ya ukutubi yanamdai mkutubi mambo mawili ambayo, yakitazamwa pamoja, yanaonekana kugongana. La kwanza ni kutopendelea: amhudumie kila msomaji kwa haki, asiingize dini wala siasa yake katika uteuzi wa vitabu, asimhoji mtu kwa nini anataka kusoma anachotaka kusoma. La pili ni utetezi: asimame mbele ya madiwani, wabunge, wazazi na wafadhili, aseme kwamba maktaba lazima iwepo na kwamba watu wana haki ya kusoma. Kanuni za maadili zilizopitishwa mwaka 2012 na IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, zina mambo yote mawili ndani ya waraka mmoja. Zinamtaka mkutubi asiegemee upande wowote katika huduma, na papo hapo zinamtaka adai sheria za hakimiliki zilegezwe kwa ajili ya maktaba. Katika makongamano ya taaluma hii, warsha ya asubuhi yaweza kufundisha namna ya kutopendelea, na ya alasiri ikafundisha namna ya kuishawishi serikali. Chini ya ratiba hiyo kuna swali la kifalsafa: je, mtu aliyeahidi kutokuwa na upande anaweza kupigania jambo lolote bila kuivunja ahadi yake?

Majibu matatu ya karne ya 20 yanaonyesha jinsi wenye fikra walivyotofautiana. Mei 1935 wakutubi wa nchi mbalimbali walikutana Hispania kwa kongamano lao la pili la kimataifa, na aliyewahutubia pale Madrid alikuwa mwanafalsafa José Ortega y Gasset. Hoja yake ilikuwa kwamba kazi ya mkutubi hubadilika kadiri mahitaji ya jamii kwa kitabu yanavyobadilika. Zamani shida ilikuwa kuvipata vitabu. Sasa, alisema, vimekuwa vingi mno, vingine havina maana, na vinamlemea msomaji. Kwa hiyo mkutubi awe chujio kati ya mafuriko ya vitabu na binadamu. Huyo ni mkutubi mwenye upande waziwazi, maana hakuna chujio lisilochagua. Miaka mitano baadaye Archibald MacLeish, mshairi aliyeteuliwa mwaka 1939 kuongoza Maktaba ya Bunge la Marekani ingawa chama cha wakutubi kilimpinga kwa kuwa hakuwa mkutubi, aliandika kwamba nyakati zile, Ulaya ikiwaka moto wa vita na vitabu vikiteketezwa, mkutubi hana ruhusa ya kukaa kama mlinzi wa ghala. Awe mtetezi wa demokrasia kwa vitendo. Kisha mwaka 1962 Mwingereza D. J. Foskett akachapisha kijitabu ambacho jina lake lenyewe linamtangaza mkutubi kuwa mtu asiye na siasa, asiye na dini, asiye na msimamo wa kimaadili. Hakukusudia kwamba mkutubi awe mtu mtupu. Alikusudia kwamba anapomhudumia msomaji nafsi yake ijiondoe, ili aingie kikamilifu katika haja ya yule aliye mbele yake. Na akiweza kujivua misimamo yake, ataweza kuielewa misimamo ya kila mtu.

Ortega ana hatari yake, na haihitaji maelezo marefu: anayechuja kwa niaba ya wengine hatimaye huwaamulia. MacLeish anasisimua zaidi, lakini demokrasia ya leo yaweza kuwa jina la chama tawala cha kesho. Foskett ndiye aliye karibu zaidi na kazi ya kila siku, na wakutubi wengi wazuri wanamfuata hata kama hawajawahi kulisikia jina lake. Hata hivyo anaacha jambo moja wazi. Kijitabu chake kinaanza msomaji akiwa tayari amefika mezani. Hakisemi lolote kuhusu yule aliyezuiwa nje.

Pengo hilo linaonekana vizuri zaidi katika historia ya chama cha maktaba cha Marekani, ALA, kilichoanzishwa Philadelphia mwaka 1876. Jaribio kubwa la msimamo wake wa kutopendelea halikutokea kwenye rafu. Lilitokea kwenye mkutano wake wenyewe. Mwaka 1936 mkutano mkuu wa mwaka ulifanyika Richmond, jimbo la Virginia, ambako sheria na desturi zilitenganisha watu kwa rangi. Wajumbe weusi walikuwa wanachama halali, na baadhi yao walikuwa na shahada ya taaluma. Waliruhusiwa kuingia vikao, lakini wakae sehemu waliyotengewa. Hawakuruhusiwa kulala katika hoteli za mkutano, na kikao chochote kilichokuwa na chakula kilikuwa marufuku kwao. Watu waliokwenda kujifunza namna ya kumhudumia msomaji bila ubaguzi walibaguliwa ndani ya darasa lenyewe. Malalamiko yalikuwa makali kiasi kwamba kabla ya mwaka kwisha chama kikaamua kuwa katika kumbi zake zote wanachama waingie kwa usawa kamili, na kwa miaka 20 kikaacha kupeleka mkutano wake mkuu Kusini.

Uamuzi huo ulihusu kumbi za mkutano tu. Kuhusu maktaba zenyewe, chama kilinyamaza. Mwaka 1939 kilipitisha tamko la haki za maktaba, waraka ambao hadi leo unaheshimiwa duniani. Toleo la kwanza lilisema wazi kwamba kitabu kisikataliwe kwa sababu ya rangi, taifa, siasa au dini ya mwandishi wake. Rangi ya msomaji haikutajwa. Kifungu cha kumlinda msomaji asinyimwe maktaba kwa rangi au dini yake kiliongezwa mwaka 1961, yaani baada ya miaka 22. Kwa muda wote huo mwandishi mweusi alikuwa na haki ya kukaa kwenye rafu ambayo msomaji mweusi hakuruhusiwa kuikaribia. Waliokitetea kimya hicho hawakuwa wabaguzi wote. Wengi walisema kwa dhati kwamba mambo ya rangi ni ya serikali za mitaa, kwamba chama cha kitaaluma hakiingilii siasa, na kwamba kukaa kimya ndiko kutopendelea kwenyewe.

Kilichotokea Clinton, mji mdogo wa Louisiana, kinaonyesha hoja hiyo ilikuwa na maana gani mezani. Tarehe 7 Machi 1964 vijana watano weusi waliingia katika chumba cha kusomea cha maktaba ya eneo hilo. Mmoja wao, Henry Brown, akaomba kitabu cha Arna Bontemps kuhusu historia ya watu weusi. Msaidizi wa maktaba akatafuta katika katalogi, akakuta hakimo, akamwambia kitaagizwa kutoka maktaba ya jimbo. Kisha akawataka waondoke. Brown akaketi kwenye kiti, wenzake wakasimama karibu naye, wote kimya. Hakukuwa na msomaji mwingine wa kusumbuliwa. Muda mfupi baadaye mkuu wa polisi akafika na kuwakamata. Maktaba hiyo ilikuwa na magari mawili ya kuazimishia vitabu, jekundu kwa weupe na la buluu kwa weusi, na kadi ya msomaji mweusi iligongwa muhuri wa rangi yake. Kitabu kiliagizwa kweli. Kilipofika kilipelekwa kwa Brown kwa posta, pamoja na maelekezo kwamba akirudishe kwa posta au katika gari la buluu. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na Februari 1966 majaji watano dhidi ya wanne waliwaondolea vijana hao hatia.

Ukilitazama tukio hili kwa macho ya Foskett, ni vigumu kulipata kosa la kitaaluma. Msaidizi alitafuta kitabu, akakiagiza, akakituma. Hakumuuliza Brown anakitakia nini, hakukikataa kwa sababu ya mada yake. Kuhusu kilichosomwa, alitenda haki. Dhuluma yote ilikuwa katika kiti. Hapa ndipo swali la mwanzo linapofunguka, kwa sababu kutopendelea kumekuwa kukitumika kwa mambo mawili yasiyofanana: nini kinasomwa, na nani anasoma. Katika la kwanza mkutubi anaweza, na anapaswa, kujiweka kando. Katika la pili hana pa kujiweka. Mlango ama umefunguliwa ama umefungwa, na anayesema hana maoni kuhusu mlango uliofungwa ameukubali ulivyo. Hakimu hatakiwi kupendelea kati ya mdai na mdaiwa; lakini mahakama ikifungiwa watu wa kabila fulani, hakimu anayenyamaza hawezi kujitetea kwamba kazi yake ni kutokuwa na upande, kwa maana hukumu zake zote zimekwisha kuegemea upande kabla hajafungua jalada la kwanza.

Aliyelisema jambo hili ndani ya chama, na kwa lugha ya chama, ni E. J. Josey, mkutubi mweusi wa chuo kimoja huko Savannah, Georgia. Katika mkutano mkuu wa 1964 pale St. Louis alisikia chama cha maktaba cha jimbo la Mississippi kikipongezwa kwa kazi yake ya wiki ya maktaba. Chama hicho kilikuwa kimejitoa ALA kuliko kuwapokea wanachama weusi, na siku chache kabla ya mkutano wanaharakati watatu wa haki za raia walikuwa wametoweka Mississippi. Josey alisimama akapinga, kisha akaleta azimio: viongozi na watumishi wa ALA wasihudhurie, kwa wadhifa wao au kwa fedha za chama, mikutano ya vyama vya majimbo visivyotimiza masharti ya uanachama. Likapita. Uzito wa azimio hilo uko katika udogo wake. Halikumwambia mtu yeyote asome nini wala ampigie nani kura. Liligusa nauli, posho na viti vya mbele, vitu ambavyo kwa kawaida huonekana kuwa mambo ya utawala tu. Mwaka 1970 Josey alianzisha umoja wa wakutubi weusi, na mwaka 1984 akawa rais wa ALA. Mwaka 2018, katika mkutano wa New Orleans, chama kiliomba radhi rasmi kwa dhuluma walizotendewa watu weusi katika maktaba za ubaguzi.

Afrika Mashariki ilikuwa na mlango wake. Maktaba ya McMillan, yenye nguzo kubwa na simba wa mawe katikati ya Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1931 kwa Wazungu peke yao, na ikabaki hivyo hadi 1958. Halmashauri ya jiji iliichukua mwaka 1962. Kwa wasomaji Waafrika kulikuwa na masanduku ya vitabu ya shirika la vitabu la Afrika Mashariki, lililoundwa 1948, huduma yenye manufaa lakini iliyojengwa juu ya dhana kwamba Mwafrika ahudumiwe kando. Chama cha maktaba cha Afrika Mashariki kilichoanzishwa miaka ya 1950 kiliwakuta wakutubi katika hali hiyo, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kushawishi kuwepo kwa huduma ya taifa iliyo wazi kwa wote na inayolindwa na sheria. Sheria ya Tanganyika ilipatikana 1963, ya Kenya 1965; shule ya ukutubi ya kanda ikaanza Makerere 1963. Vyama vya nchi moja moja viliporithi kazi hiyo, mkutano wa kwanza wa kuunganisha vyama vya mashariki na kati mwa Afrika ulifanyika Dar es Salaam mwaka 1974. Hakuna aliyedai kwamba wakutubi wa enzi hizo walivunja maadili kwa kudai sheria. Walikuwa wakifanya maadili yawezekane.

Pwani ilikuwa na fikra ya zamani zaidi inayosaidia kulieleza jambo hili, nayo ni wakfu. Miongoni mwa miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu vimo vitabu vingi vilivyowekwa wakfu: mwenye nacho hukitoa kwa ajili ya wanafunzi na Mwenyezi Mungu, na tangu hapo hakiuzwi, hakitolewi zawadi, hakirithiwi. Anayekitunza si mmiliki. Ameshika amana, na amana ina pande mbili: kitabu kisiharibike, na kiwafikie waliokusudiwa. Mwenye kukifungia kitabu cha wakfu asipewe mwanafunzi anayestahili amekiuka amana sawa na aliyekiuza. Riyadha yenyewe ina historia inayolipa jambo hili uzito, kwa kuwa mwanzilishi wake, Habib Saleh, aliwafundisha watu wa tabaka la chini, pamoja na waliokuwa watumwa na wazao wao, jambo lililowaudhi baadhi ya wakubwa wa mji. Alibadilisha nani anaketi kwenye busati. Kwa mtazamo wa amana, utetezi wa msomaji si siasa iliyoingizwa katika ukutubi kutoka nje. Ni nusu ya wajibu wenyewe.

Pingamizi kubwa ni kwamba mpaka huu utateleza. Mwaka 1972 David Berninghausen, mwalimu wa ukutubi wa Marekani, alionya kwamba chama cha wakutubi kikianza kutoa matamko juu ya vita, mazingira na kila jambo jema, kitapoteza sifa ya pekee inayokifanya kiaminiwe na watu wa kila mrengo. Alikuwa na hoja. Msomaji anayejua kwamba mkutubi ni kada wa upande fulani hatamuuliza maswali yake ya siri. Pingamizi la pili linatoka upande wa pili kabisa. Katika mdahalo wa ALA uliofanyika Denver mwaka 2018, James LaRue alitetea kutopendelea, na Chris Bourg akajibu kwamba hakujawahi kuwepo: kugawa bajeti, kununua kitabu hiki na kuacha kile, kuainisha, yote ni kuchagua. Mkutubi yeyote wa Afrika Mashariki ana ushahidi wa hoja ya Bourg kwenye rafu zake. Katika mpangilio wa Dewey wa kuainisha vitabu, sehemu kubwa ya namba za 200, zilizo za dini, ni Ukristo. Uislamu uko 297, na dini za jadi za Waafrika zimebanwa katika 299.6.

Lakini ushahidi huo unathibitisha kwamba kutopendelea hakujatimizwa, si kwamba hakufai. Rafu iliyoinama inaonekana kuwa imeinama kwa sababu tu kuna wazo la rafu iliyonyooka. Anayeliacha wazo hilo anapoteza haki ya kulalamika kuhusu 299.6. Na kwa woga wa Berninghausen kipo kipimo kinachotosha kwa mambo mengi: je, dai hili linaweza kutolewa bila kumwamulia msomaji asome nini na aamini nini? Likiweza, ni dai la mlango, na mkutubi analo jukumu la kulitoa hadharani. Lisipoweza, basi analitoa kama raia, nje ya meza yake.

Mkataba wa Marrakesh ni mfano safi wa dai la mlango. Kwa mtu asiyeona, kitabu kilichochapwa kwa wino wa kawaida ni mlango uliofungwa, na sheria za hakimiliki ziliifanya kazi ya kukigeuza kuwa nukta nundu au sauti, na kukivusha mpaka wa nchi, kuwa ngumu. Vyama vya wasioona na vyama vya maktaba vilisukuma kwa miaka mpaka mkataba ukapitishwa Juni 2013. Ulianza kutumika Septemba 2016, na Kenya ikajiunga 2017. Hakuna kitabu hata kimoja kilichopendelewa, lakini upande ulichukuliwa, na ulikuwa upande sahihi. Mshahara na hadhi ya mkutubi ni suala gumu zaidi. Dai la maslahi si la aibu, na maktaba isiyo na mtumishi aliyelipwa hufungwa saa tisa au haifunguliwi kabisa. Ila kila linapotolewa linapaswa kuweza kuonyesha msomaji atakayefaidika. Lisipoweza, ni dai halali la mfanyakazi ambalo halifai kuvishwa joho la uhuru wa kusoma.

Kipimo hicho kinarudi kwenye makongamano na semina zenyewe. Richmond ilifundisha kwamba mkutano wa kitaaluma hauzungumzi maadili tu. Unayatenda au kuyavunja kwa ada yake, viti vyake na lugha yake. Katika shule nyingi za Tanzania na Kenya, anayeitunza maktaba ni mwalimu aliyekabidhiwa funguo juu ya vipindi vyake. Ndiye anayekutana na wasomaji wengi kuliko mtu yeyote katika taaluma, na ndiye ambaye ada ya kongamano, malazi ya mjini na mada zinazowasilishwa kwa Kiingereza humweka nje. Chama kinachotoa maazimio kuhusu usawa wa wasomaji huku kikimsahau yeye kimebaki katika nusu ya kwanza ya somo la 1936.

Linabaki suala la mkutubi anayesema kama raia. Desemba 1955 Juliette Morgan, mkutubi mweupe wa maktaba ya umma ya Montgomery, Alabama, aliandika barua gazetini akiunga mkono mgomo wa watu weusi wa kutopanda mabasi yaliyowabagua na kuulinganisha na harakati za Gandhi. Meya alitaka afukuzwe. Mkuu wake wa kazi akakataa. Morgan hakuwa amemnyima mtu kitabu wala kumlazimisha mtu kusoma barua yake. Alikuwa ametumia haki ambayo maktaba humtunzia kila mtu mwingine. Wajibu wa kutopendelea unakoma mkutubi anapotoka kazini, na chama cha kitaaluma kinapaswa kuutaja mpaka huo katika kanuni zake, kuufundisha katika semina zake, na kuwa na mwanasheria na fungu la fedha kwa ajili ya mwanachama atakayeadhibiwa kwa kuuamini.